Kahawa ya Profesa Sirifo

Ipo Ijumaa moja ya Riyadh ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa ni miaka ishirini na sita sasa. Ni siku niliyokunywa kahawa isiyokuwa yangu mbele ya wanaume kumi na kitu, huku nikidhani namfanyia mtu hisani. Nikiikumbuka nacheka peke yangu hapa Al-Baghdadiyah, Jeddah, na wenzangu wa chumbani wananitazama wakidhani uzee umeniingia mapema.

Nakuandikia wewe, Idi, kwa sababu simu zangu huzipokei. Huu ni mwezi wa nne. Vijana wenzako wakiisoma barua hii hakuna ubaya, maana nyote mliokuja Saudia kutafuta riziki mna ugonjwa mmoja, nami ndiye niliyekuambukiza wewe: mdomo unatangulia, akili inakuja nyuma inahema. Unanijua hasira zangu. Mama yako husema nikipandwa, hata paka wa jirani anahama. Basi soma taratibu. Nitakueleza habari za Profesa Sirifo, na mwisho nitakwambia ninachokitaka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na moja, nawe huko Kisauni ulikuwa hujamaliza hata mwaka. Nilikuwa dereva wa Profesa. Alitoka nchi ndogo ya Afrika Magharibi, nchi ya wakulima wa karanga. Sitaitaja, kwa sababu nitagusa mambo ya mipaka na watu wake bado wapo. Alikuwa anafundisha chuo kikuu kimoja cha Riyadh somo linaloitwa uhusiano wa kimataifa. Nilipomuuliza ni somo gani hilo, alinijibu, "Ni somo la majirani, Athumani. Jinsi wanavyogombana na jinsi wanavyoacha."

Alikuwa mrefu, anavaa majoho mapana ya kwao ya samawati, na hakukubali hata siku moja kukaa kiti cha nyuma. Alikaa mbele, ubavuni kwangu, magoti yanagusa dashibodi. Ofisini alikuwa na birika dogo la kupikia chai yao ya majani mabichi, na mwanafunzi yeyote aliyekwenda kulalamika kuhusu alama zake ilibidi kwanza anywe vikombe vitatu. Kufika cha tatu, wengi walikuwa wamesahau walichokuja kulalamikia. Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni. Akiagiza kuku wa kuchoma, ungedhani anasoma hotuba ya Ijumaa, na wauzaji walimpenda kwa hilo. Changu kilikuwa cha gereji na cha polisi wa barabarani. Tulikuwa tunachanganya hivyo viwili pamoja na Kiingereza tukaelewana, na mimi hapa nakuandikia yote kwa lugha yetu.

Sasa kulikuwa na Nduku. Huyu alikuwa binti wa Kikamba kutoka Machakos, Mkristo, mfanyakazi wa ndani kwa bwana mmoja tuliyemwita Abu Turki. Mimi kabla ya Profesa nilikuwa dereva wa nyumba hiyo hiyo. Nilipoanguka homa siku tano, Nduku ndiye aliyekuwa ananiletea uji wa wimbi kwenye chumba cha dereva, kwa unga aliotumiwa na mama yake kutoka kwao. Unga wenyewe ulikuwa mfuko mdogo tu. Aliumaliza kwangu na hakunung'unika. Tangu hapo nilimhesabu kuwa dada yangu, na mpaka leo ni shangazi yako, upende usipende.

Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha miezi minane nyuma. Abu Turki hakuwa mtu mbaya, nakwambia kweli. Mshahara alikuwa analipa na mkono hakuwahi kumwinulia. Lakini nyumbani mle kulikuwa na mtoto mchanga, Hessa, ambaye alikuwa hakubali kijiko cha mtu mwingine isipokuwa Nduku. Basi kila alipoomba huruji, ile karatasi ya kuondoka moja kwa moja ambayo lazima itoke kwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, aliambiwa mwezi ujao. Kisha kwao wakapiga simu kwamba mama yake amepooza upande mmoja na anamtaja yeye tu.

Akanipigia kwa simu ya jikoni. "Kaka Athumani, mimi nimechoka," akasema. "Madam anasema next month, kila saa ni next month. Mum hata chakula hawezi kushika. Mimi nataka tu kufika kabla... unajua." Hakumalizia. Nikamwambia niachie mimi.

Niachie mimi! Ndivyo nilivyosema. Siku hiyo hiyo, Jumanne, adhuhuri, nikaenda kusimama langoni kwa Abu Turki. Wakwe zake walikuwa wanawasili kwa chakula cha mchana, na majirani walikuwa wanatoka msikitini. Nami sikungoja aniulize habari. Nilipaza sauti ya kuita abiria wa Likoni. Nikamwambia anamfunga binti wa watu, nikamwuliza haki yake iko wapi, na kwa kuwa watu walikuwa wamesimama kunisikiliza na mimi nimenoga, nikamwambia kuwa dini haijui. Abu Turki alinitazama tu. Akasema neno moja, "Halas," yaani basi, imekwisha, akafunga lango.

Nilirudi kwenye gari kifua mbele. Siku ya pili dereva aliyechukua nafasi yangu kwenye nyumba ile, Mganda mmoja mpole, akaniletea habari kwamba simu imetolewa jikoni, na kwamba bwana ameapa neno huruji lisitajwe tena nyumbani mwake. Nduku alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

Jioni hiyo namrudisha Profesa nyumbani, nikamsimulia kisa chote. Ukweli ni kwamba nilikisimulia kwa majigambo kidogo, nikiigiza na sauti yangu ya langoni. Nilitegemea aniunge mkono, yeye msomi wa haki za mataifa. Tukapita taa mbili za barabarani. Kisha akaniambia, "Simamisha gari."

Nikasimama pembeni ya kituo cha mafuta.

"Nduku alikuwa anataka nini?" akauliza.

"Kwenda kwao."

"Na sasa amekaribia kwao au amekwenda mbali zaidi?"

Akanigeukia, na goti lake likagonga kisanduku cha dashibodi. "Na wewe ulikuwa unataka nini pale langoni, Athumani?"

Nikasema haki. Akatikisa kichwa, akasema kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi, "Haki ungeweza kuiomba kwa sauti ndogo. Ulitaka watu wakusikie. Naujua ugonjwa huo, kwa sababu ni wangu."

Hapo ndipo aliponisimulia maisha yake, mwanangu, gari likiwa limesimama na kiyoyozi kinanguruma. Alizaliwa katika kijiji cha mpakani, baba yake mkulima wa karanga. Dada yake mkubwa, Nyima, ndiye aliyembeba mgongoni na kumpeleka shule ya kwanza, na baadaye aliolewa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Profesa alisoma kwa bidii mpaka serikali ikampeleka Ulaya, akarudi ni daktari wa elimu hiyo ya majirani. Alikuwa kijana kama mimi wakati ule alipotiwa kwenye ujumbe wa kwenda kuzungumza na nchi ya pili kuhusu malisho ya mpakani.

Upande wa pili alikaa waziri mmoja mzee. Profesa alikuwa amepekua majalada ya miaka mingi, akaipata barua ambayo waziri yule aliandika zamani, inayosema kinyume kabisa na maneno aliyoyaleta siku ile. Akasimama akaisoma, neno kwa neno, mbele ya wote. Watu wa upande wake wakagonga meza kwa furaha. Mzee wa watu akakusanya karatasi zake, akavaa miwani, akatoka.

"Nilishinda," Profesa akaniambia. "Magazeti yetu yaliandika jina langu. Na mpaka ukafungwa siku ile ile, ukakaa miezi. Katika miezi hiyo Nyima akaugua. Mama yangu alikuwa anatembea kila asubuhi mpaka kwenye kizuizi, anasimama, kisha anarudi. Dada yangu alizikwa ng'ambo, na sisi tulikuwa upande huu."

Walitaka kumfanya balozi baada ya hapo. Akakataa, akaenda kufundisha. Alifundisha kwao, akafundisha Ulaya, mwishowe akaja Riyadh akakaa miaka kumi na miwili, na kote huko mtihani wake ulikuwa na swali moja la lazima: nani anataka nini, na yule anayekubali atatokaje na heshima yake? Mwanafunzi akijaza kurasa kumi bila kugusa sehemu ya pili, alirudishiwa karatasi aanze upya. Wapo mawaziri na mabalozi leo waliowahi kurudishiwa.

Nikamwuliza tufanye nini sasa. Akasema, "Ijumaa baada ya alasiri tutakwenda kwa Abu Turki, mimi na wewe. Usiseme neno mpaka nikuombe, na kila nifanyalo, lifanye." Fahamu kwamba hakuwa na wajibu wowote wa kwenda. Naye alikuwa mgeni anayeishi kwa ikama, kibali cha ukaazi, kama sisi, mkataba wake unategemea ridhaa za watu, na profesa mgeni kujiingiza kwenye mambo ya nyumba ya mtu si jambo dogo. Alikuwa na cha kupoteza, na Nduku hakuwahi kumwona hata kwa macho.

Ijumaa ikafika. Tukapokewa kwenye baraza ya Abu Turki, na moyo wangu ukashuka nilipoona waliokaa mle: wakwe wale wale, majirani wale wale wa Jumanne. Mbele kabisa alikaa baba yake Abu Turki, mzee aliyekuja mjini kutoka jangwani, macho yake hafifu. Abu Turki alinipa mkono baridi. Tende zikapitishwa. Mwanawe mkubwa, kijana wa ndevu, akazunguka na dele kumimina kahawa, nyeupe ya iliki kama wanavyoipika wao.

Profesa akapokea kikombe chake, akakiweka chini kwenye zulia. Hakukigusa tena.

Mimi miaka yote niliyoendesha magari Riyadh nilikuwa nakunywa kahawa chumba cha madereva. Adabu niliyoijua ni kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe, na kwamba kukataa kahawa ya mwenyeji ni dharau. Nikaona baraza nzima imenyamaza, inakitazama kikombe cha Profesa. Nikasema moyoni, mzee wangu amesahau, atatuharibia. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme na nifanye kama yeye. Lakini Athumani na kunyamaza wapi na wapi? Nikamwambia mwenyeji kwa Kiarabu changu cha gereji, "Msamehe, ana vidonda vya tumbo," nikakiinua kikombe cha Profesa, nikakinywa chote. Kisha nikanywa na changu.

Idi, sijawahi kuona watu wazima wakijizuia kucheka kwa taabu namna ile. Mkwe mmoja aliuma kilemba chake. Nilikuwa sijui kwamba kwa watu wa jangwani, mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, anasema, nina haja kwako na sitakunywa mpaka unikubalie. Profesa alikuwa ameisikia mila hiyo kwa wanafunzi wake. Mimi nilikuwa nimeinywa haja ya Nduku mpaka tone la mwisho.

Profesa hakunitazama. Alimwomba kijana kikombe kingine, kwa Kiarabu chake cha hotuba, akakiweka tena pale pale kwenye zulia. Na safari hii akakifunika kwa kiganja, ili dereva wake asikifikie.

Yule mzee wa jangwani ndiye aliyeangua kicheko kwanza, cheko la kutoka tumboni, na baraza nzima ikamfuata. Hata Abu Turki alijikuta anatabasamu. Mzee akajifuta macho, akasema, "Kunywa kahawa yako, ewe mgeni. Haja yako imekubaliwa."

"Hujaisikia bado," akasema Profesa.

"Nimemwona mtu wako alivyo na kiu. Sema."

Profesa hakutaja mkataba, hakutaja miezi minane, hakutaja simu ya jikoni, na yote hayo alikuwa nayo mkononi kama alivyokuwa na ile barua ya waziri. Alisema hivi: katika nyumba hii yumo binti aliyemlea mtoto wenu mpaka mtoto akakataa mkono mwingine, na hiyo ni sifa ya nyumba iliyomtunza. Mama yake amepooza. Naomba mumpe ruhusa akamlishe mama yake kwa mkono ule ule. Kisha akaongeza, "Na huyu dereva wangu ni ndugu yake hapa ugenini. Ana neno lake la kusema."

Hakuwa ameniambia habari hiyo. Nikamwona Abu Turki tabasamu limemtoka, ananitazama. Mwanangu, nilijua Nduku amesimama nyuma ya mlango wa jikoni anasikiliza. Nilijua pia kwamba mambo mengi niliyoyasema Jumanne yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito. Lakini lile la dini halikuwa la kweli, na mahali nilipolisemea halikuwa mahali pake. Nikasimama. Nikamwambia mbele ya wale wale walionisikia, "Nilikuja langoni kwako nikakuvunjia heshima mbele ya wakwe zako. Nimekosa. Nisamehe."

Abu Turki akasema, "Abshir," neno lao la kukubali, likimaanisha tulia, limekwisha. Profesa akaondoa kiganja, akanywa kahawa yake, ambayo bila shaka ilikuwa imepoa.

Wiki ya pili Nduku akasafiri. Madam mwenyewe alimpeleka uwanja wa ndege, wakaachana wanalia wote wawili, na Hessa anapiga kelele katikati. Alimkuta mama yake hai. Alimlisha kwa mkono wake mwezi mmoja na siku kadhaa, kisha mama akafariki, na Nduku akamzika mwenyewe. Mpaka leo kila Krismasi ananipigia, na kila mara anauliza, "Yule Profesa wa kahawa yuko wapi?" Hawajawahi kuonana.

Profesa alirudi kwao alipostaafu. Ameandika kitabu kimoja tu, chembamba. Mimi nikahamia Jeddah, nikapata kazi na nikazeekea hapa. Mwezi uliopita akaja kwa Umra, ana fimbo sasa, akapanga chumba Ruwais karibu na bahari, na Ijumaa nikamleta hapa kwangu. Nikampikia kahawa. Akauliza habari zako.

Nikaanza kumsimulia. Kwamba nilikutafutia kazi ya ghalani Riyadh kwa kumbembeleza bosi wangu, na kwamba wewe ukaiacha bila kuniambia, ukaenda kuwa mpishi hotelini. Kwamba nilipanda basi mpaka Riyadh, nikakukuta kwenye mlango wa jikoni na aproni yako, na nikakwambia niliyokwambia mbele ya wenzako na mkuu wako. Nilimsimulia kwa majigambo kidogo, nikiigiza na sauti. Nikajieleza kwamba nilikuwa na haki. Nilipotua kupumua, nikaona Profesa ameweka kikombe chake chini, sakafuni, na amekifunika kwa kiganja.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Tukakaa hivyo mpaka kicheko changu kikaisha chenyewe, na nikasikia aibu, aibu kubwa, kwa sababu nilielewa nimesimama tena kwenye lango la Abu Turki, na safari hii aliyefungiwa ndani ni mwanangu mwenyewe. Nikamwambia, "Abshir, Profesa." Ndipo akanywa.

Basi nasaha zangu ni hizi. Kabla hujafungua mdomo, jiulize unataka nini, na ukikuta kwamba unachotaka ni kusikika, nyamaza kwanza. Ukiwa na ukweli wa kumwumiza mtu, usimsomee mbele ya watu kwa kuwa tu unao. Mwachie pa kupita na heshima yake, maana ndiye atakayekufungulia mlango. Na ukimvunjia mtu heshima hadharani, usiende kumwomba radhi uchochoroni. Rudi pale pale, mbele ya wale wale. Sisemi uvumilie mateso. Mtu akikuinulia mkono au akikunyima chakula, usikae kunywa kahawa naye. Nenda ubalozini, nenda polisi, piga kelele mpaka koo likauke. Kelele ina mahali pake. Mimi nimeitumia mahali pengine maisha yangu yote.

Nimekata tiketi ya basi. Alhamisi nitakuja Riyadh, nitasimama kwenye mlango ule ule wa jikoni, na kama mkuu wako ataniruhusu nitasema mbele ya wenzako wote kwamba baba yako alikosa, na kwamba nilimwambia mwanangu hafai kitu ilhali sijawahi hata kuonja anachopika. Usinisaidie kusema. Simama tu unisikilize.

Kahawa niliyopika asubuhi hii nimeiweka chini hapa ninapoandika, na sijainywa. Unajua maana yake sasa.

Mungu akulinde, Idi wangu. Akupe mikono yenye baraka, na watu wa kuwapikia wanaokupenda, na ulimi mpole kuliko wa baba yako, na siku ukipata watoto akupe na wewe Profesa wa kukufunikia kikombe. Barua hii naipiga picha nikutumie kwenye simu sasa hivi, na leo baada ya swala ya Ijumaa nitakupigia. Pokea simu, baba.